Simu inakushikaje? Maswali ninayoulizwa kibandani, Birere

Ninauza mega, yaani vifurushi vya intaneti, ninachaji simu na kubadilisha vioo vilivyovunjika hapa Birere, Goma. Karibu kila siku mtu anakuja amekasirika: "Papa, mega zangu mmezila." Zamani nami nilikuwa nakasirika. Siku hizi naichukua simu yake, nafungua pale panapoonyesha kila programu imekula kiasi gani, tunasoma pamoja. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimeyaandika haya kwa sababu nimechoka kuyajibu nusunusu huku mteja mwingine anagonga meza, na kwa sababu anayenunua mega kwa falanga za sombe, pesa za mboga ya nyumbani, ana haki ya kujua zinaenda wapi.

Algorithimu ni nini?

Ni maelekezo ambayo kompyuta inayafuata ili kuamua kitu gani kitangulie mbele ya macho yako. Ukifungua Facebook asubuhi kuna mambo mengi mno ya kukuonyesha: picha ya arusi ya binamu, tangazo la nyumba ya kupanga, mahubiri, matusi ya watu usiowajua. Huwezi kuyaona yote. Mashine inalipatia kila moja alama kwa kukisia: huyu atasimama hapa? Ataandika neno? Atamtumia mwenzake? Lenye alama kubwa linapanda juu. Hesabu hiyo inafanywa upya kila unapofungua, ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza kukaa benchi moja na msione ukurasa mmoja.

Si kila mtandao ulianza hivyo. Instagram ilipanga picha kwa saa zilizowekwa mpaka 2016. Ulikuwa unafika kwenye picha za jana, unajua umemaliza.

Kuna mtu amekaa mahali ananichagulia?

Hapana. Watu waliamua tu nini kipimwe, kisha mashine ikaachiwa itafute njia. Na kinachopimwa ndicho kila kitu. Mpaka 2012 YouTube ilitazama zaidi idadi ya watu waliobonyeza video. Wajanja wakaweka picha za uongo kwenye jalada: unabonyeza, unakuta kitu kingine, unatoka. Mwaka huo wakaanza kutanguliza muda ambao mtu anabaki akitazama. Watengenezaji nao wakajifunza kukuambia "baki mpaka mwisho uone". Mwaka 2018 mkubwa mmoja wa YouTube alisema hadharani kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu wanatazama pale unatoka kwenye video zilizopendekezwa na mashine. Mtu anaingia kutafuta wimbo mmoja wa kwaya. Wimbo ni dakika tano. Anatoka baada ya saa moja na nusu.

Lakini mimi sibonyezi kitu. Imejuaje ninachopenda?

Hili nililionyesha kwa kijana mmoja, motari, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, aliyekuwa anasubiri betri ijae. Alisema yeye hapendi kabisa video za ajali, na hajui kwa nini TikTok inamletea. Nikamwambia: endelea kutazama kama kawaida, mimi nitaangalia dole gumba lako tu.

Muziki, akapitisha. Mchungaji anapiga kelele, akapitisha. Mpira, akakaa kidogo, akapitisha. Kisha pikipiki na lori kwenye kona. Dole likabaki hewani. Mdomo ukafunguka kidogo. Hakubonyeza moyo, hakuandika neno. Video ikaisha, ikaanza tena yenyewe, akaitazama tena, akasema "huyu naye anaendesha namna gani", akapitisha. Video ya nne baada ya hiyo ilikuwa ajali nyingine.

Nikamwambia: kwa mdomo umeniambia hupendi, kwa dole umeomba nyingine. Alinyamaza muda mrefu. Kila siku anabeba watu mgongoni katika barabara hizihizi; ni lazima jicho lake lisimame kwenye ajali, hofu yake iko pale. Mashine haijui hofu wala hamu. Inajua sekunde. Umesimama, umerudia, umefungua maoni kusoma, umemtumia mwenzako, umepitisha haraka: vyote vinaandikwa. TikTok imejengwa juu ya jambo hilo kuliko wenzake wote. Hata usipokuwa na rafiki mmoja humo, dakika chache za dole lako zinatosha kuanza kukuchorea picha.

Tena kuna jambo ambalo waliotengeneza vitu hivi huenda hawakulifikiria sana: nyumba nyingi hapa zina simu moja nzuri. Asubuhi ni ya baba, mchana ni ya watoto, usiku ni ya dada mkubwa. Mashine inadhani ni mtu mmoja. Mama mmoja aliniletea simu akilia, mtoto wake wa miaka sita ametazama watu wanachinjwa. Hakuna aliyemfungulia. Baba alikuwa amefuatilia habari za vita usiku kucha, na asubuhi mtoto alipotafuta katuni, video iliyofuata ikatoka kwenye usiku wa baba yake. Kama simu ni ya nyumba nzima, fungueni akaunti tofauti, au angalau mtoto asiachiwe peke yake na video zinazojifuata. Nalisema kwa wote: hili ni la haraka kuliko mengine yote yaliyo kwenye ukurasa huu.

Kwa nini haina mwisho?

Kwa sababu mwisho uliondolewa. Kurasa za zamani zilikuwa na chini yake: ukifika, ubonyeze kwenda ukurasa wa pili. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa Marekani, alitengeneza ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unaposhuka. Alitaka kumpunguzia mtu kazi ya kubonyeza. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia matumizi yake. Ile sehemu ndogo ya kubonyeza ndiyo ilikuwa mahali pa kujiuliza: niendelee au niende nikapike?

Jambo la pili ni bahati nasibu. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani, kwa njiwa na panya, kwamba mnyama anayepata chakula kila mara akigonga hutulia, na ukiacha kumpa, anachoka upesi. Anayepata kwa kubahatisha, mara hii ndiyo, mara tano hapana, ndiye anayegonga bila kuchoka. Ukivuta ukurasa kwa kidole ili uanze upya, hujui utapata nini: ujumbe wa dada yako aliye Kisangani, au takataka. Kama ingekuwa ujumbe wa dada kila mara, ungeusoma ukaweka simu chini.

Usiku ukisimama upande wa Himbi unaziona taa za wavuvi kwenye Ziwa Kivu, mitumbwi mitatumitatu iliyounganishwa kwa miti, na ukibahatika unawasikia wakiimba. Hawawafukuzi sambaza, wale samaki wadogo. Wanawasha taa, wanangoja, sambaza wanakusanyika wenyewe chini ya mwanga, ndipo wavu unapandishwa. Kila nikieleza jambo hili kwa watu wa bandari ya Kituku natumia mfano huo, na sijapata mtu ambaye hakuelewa.

Wao wanafaidika nini? Mimi siwalipi.

Wanauza kukaa kwako. Mwaka 2023 Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, waliingiza karibu dola bilioni 135, na karibu zote zilitoka kwa wanaotangaza biashara. Ukikaa dakika kumi zaidi, umeona matangazo machache zaidi. Mtu wa Goma anawaletea kidogo sana ukimlinganisha na mtu wa Marekani, lakini mashine ni ileile na inatushika kwa nguvu ileile.

Tofauti ni kwamba wenzetu wengi wa nchi tajiri wanalipa intaneti mara moja kwa mwezi, wanatumia watakavyo. Sisi tunanunua mega kidogokidogo, za siku, za saa. Katika uvuvi huu wewe ni sambaza na ni wewe pia unayenunua mafuta ya taa.

Kwa nini inaniletea vita, maiti na ugomvi tu?

Hili ndilo linaloniuma zaidi, nitalijibu kwa urefu.

Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba watatanguliza yale yanayowafanya watu waandikiane, wasiwe watazamaji tu. Ukisikia hivyo unaona ni jambo jema. Lakini watu huandikiana sana wapi? Penye matusi. Tangu mwaka mmoja kabla, zile sura ndogo za hisia, pamoja na sura nyekundu ya hasira, zilikuwa zinahesabiwa mara tano ya dole gumba la kawaida. Ukikasirika umepiga kura tano. Nyaraka za ndani alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, mwaka 2021, zilionyesha kwamba wafanyakazi wenyewe waliona yanayovuta hasira yana uongo na sumu kuliko mengine. Uzito wa hasira ulishushwa kidogokidogo mpaka sifuri Septemba 2020. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, na ukumbuke yaliyosemwa kuhusu makabila yetu katika miaka hiyo. Myanmar walifika mbali zaidi: wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2018 kwamba Facebook ilichangia kueneza chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu wachache wa nchi hiyo, na kampuni yenyewe ikakiri mwaka huohuo kwamba haikufanya ya kutosha.

Hata bila mashine, uongo una miguu. Watafiti wa chuo cha MIT walifuatilia habari kama 126,000 zilizopita Twitter kati ya 2006 na 2017. Zile za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena, na ile ya kweli ilihitaji muda wa mara sita hivi kufikia watu 1,500. Wasambazaji wakubwa walikuwa watu, kwa sababu uongo una jipya na unashtua. Mashine inayopima mshtuko inaupandisha juu zaidi.

Sasa turudi nyumbani. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, jirani alinionyesha picha ya barabara ya katikati ya mji imefunikwa na lava. Alikuwa anatetemeka, tayari amefunga godoro. Nikaikuza picha, nikaangalia maduka: ilikuwa ya Januari 2002. Mwaka 2021 lava haikufika pale, ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, tarehe 27, tangazo la kweli likatoka: mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Kwenye simu tangazo hilo lilikuwa na ukubwa uleule wa ile picha ya zamani, na kwa wengi lilikuja nyuma yake. Wapo walioliona wakasema, hata hili ni la uongo kama jana.

Tena Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya Kituku, watu walikuwa wanaangalia kutoka ufukweni. Mtu alikuwa amerekodi. Mji mzima ulitazama video ile, na wengi waliitazama tena na tena, wanaisimamisha, wanatafuta koti la kaka yao, kitambaa cha mama yao. Kila aliyesimama akitafuta ndugu alihesabiwa kuwa mtu anayevutiwa na boti zinazozama. Wiki zilizofuata wateja wangu walikuwa wanaletewa boti za nchi nyingine, watu wengine, vilio vingine. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, naona Mungu ananionyesha kitu." Nilimwambia hapana, mama, si Mungu. Tukakaa, tukabonyeza moja baada ya nyingine kuziondoa. Ilituchukua karibu nusu saa.

Simu inanisikiliza? Nilizungumza habari za viatu, nikaletewa viatu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima zaidi ya programu 17,000 za Android, wakatoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta hata moja inayowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka sauti. Walikuta baadhi zinapeleka picha za kile kilicho kwenye kioo, nalo si jambo dogo. Ila kwa viatu haihitaji sikio. Inajua uko wapi, inajua namba zilizo kwenye simu yako kama uliiruhusu, inajua rafiki uliyekaa naye jana alitafuta viatu. Na yale matangazo mia uliyoletewa ambayo hukuyazungumzia, umeyasahau.

WhatsApp nayo ina algorithimu?

Kwenye mazungumzo yako na vikundi, ujumbe unakuja kwa saa ulipotumwa. Kinachokushika pale ni watu: kikundi cha kanisa, cha avenue, cha waliosoma pamoja, kila kimoja kinalia. Lakini vinavyopanda juu kwenye TikTok ndivyo vinavyopakuliwa na kumwagwa humo. Tangu Januari 2019 huwezi kupeleka mbele ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 uliokwishapita mikono mingi unaupeleka kwa mmoja tu. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ndiyo maana yake: umepita mikono mingi, na huenda hakuna kati yao aliyejua ulipoanzia.

Kwa nini mega zinaisha kabla ya saa sita?

Kwa sababu video zinaanza zenyewe, hata zile ambazo hukuzitaka, na TikTok huwa inaandaa inayofuata kabla hujafika. Simu nyingi hapa zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo fungua "paramètres" za Facebook, tafuta "lecture automatique", uizime. Kwenye simu yenyewe washa "économiseur de données". Zima arifa za kila programu isipokuwa za watu wanaokupigia na za pesa za simu. Yule mama wa video za boti, niliyemwambia si Mungu, nilimfanyia hivi siku ileile. Mega za siku moja zikamfikisha siku ya tatu, akarudi kuniuliza kama nimemwongezea kwa siri.

Naweza kuifundisha upya?

Kwa kiasi. Kwanza, kitu usichokitaka kipitishe haraka, usibaki kukilaani. Kuandika "upumbavu huu" chini yake ni kukiongezea alama. Ukikishikilia kwa kidole utaona "pas intéressé". Bonyeza, rudia siku mbili tatu bila kuchoka. Kwenye TikTok, tangu 2023, unaweza kuanza upya kabisa kana kwamba wewe ni mgeni. Kwenye YouTube futa na usimamishe kumbukumbu za ulivyotazama: ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, unatafuta ulichokuja kutafuta. Mimi naupenda utupu huo. Facebook, kwenye menyu yake, ina sehemu inayokuonyesha watu unaowafuata kwa mpangilio wa saa. Wameificha kidogo, na kila ukifungua programu unarudishwa kwenye ule ukurasa wao.

Mtoto wangu ana miaka 14. TikTok ina kikomo?

Tangu 2023 walio chini ya miaka 18 wanaonyeshwa onyo baada ya dakika 60, lakini kijana anaweza kuandika namba ya siri akaendelea. Na aliyedanganya umri hapati hata hilo onyo. Usitegemee. Kinachofanya kazi kwa wazazi ninaowajua ni simu kulala chumba cha mzazi.

Je, nifute yote?

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwalipa watu wakae wiki nne bila Facebook. Walipata kama saa moja kila siku, wakasema wanajisikia vizuri kidogo, hasira zao za siasa zikapungua. Ila pia walijua habari chache zaidi.

Wao walikuwa Marekani. Sisi tulikatiwa intaneti nchi nzima tangu 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, karibu wiki tatu. Na Januari 2025, siku za mapigano hapa Goma, umeme na intaneti vilikatika, watu wakawa hawajui kama ndugu yao wa Mugunga yuko hai. Mtandao uliporudi, nilichaji simu bure mpaka usiku, na niliona watu wazima wanalia kwa kusoma neno moja tu: "tuko." Siwezi kumwambia mtu wa mji huu afute. Namwambia atenganishe: ile sehemu inayokuletea "tuko" ibaki wazi, na ile inayokushikilia baada ya kuisoma ifungwe.

Nauza vitenge kwenye Facebook, hakuna anayeona. Kwa nini?

Picha yako haisimamishi dole. Piga kitenge kikiwa mwilini, mchana, nje, uandike bei. Na wanaokuuliza bei, wajibu palepale chini ya picha, mazungumzo yanakipandisha.

Unaweza kunifanyia haya kwenye simu yangu?

Ndiyo, bila malipo. Njoo saa za asubuhi kabla watu hawajajaa, simu iwe na chaji na uwe unakumbuka neno lako la siri. Kama ni simu ya nyumba nzima, njoo na yule anayeitumia usiku.